Seti ya akriliki ya tyubu 24 na kanvasi zake: mimi nlivyoziona

Wadau, nimekuwa natumia ile seti ya rangi za akriliki inayouzwa hapa town, tyubu 24 ndogo za mililita 12, pamoja na kanvasi zao za fremu tayari. Mimi nachora abstrakti tu, sina habari na sura ya mtu wala jahazi, nacheza na rangi basi.

Rangi kwa bei ile si mbaya. Buluu na nyekundu zimekolea, lakini njano maji matupu, wapaka mara tatu na kitambaa bado chaonekana, halafu nyeupe ndo yaisha mwanzo maana kila kitu wachanganya nayo, bora wangeondoa zile pinki na zambarau ambazo mtu hujichanganyia mwenyewe wakatutilia nyeupe tyubu kubwa. Tena mjue ikikauka inakoza, ile gundi yake ikiwa mbichi ni nyeupe kama tui, ikikauka yawa wazi, kwa hivyo mie huchanganya iwe imepauka kidogo kuliko nnavyotaka. Na chini ya panka hukauka kwenye sahani hata hujaamua waipeleka wapi, chupa ya kupulizia maji iwe karibu.

Kanvasi ndo sikuipenda kabisa. Kitambaa chepesi, kimelegea katikati, ukikandamiza na kisu cha rangi chagonga mti wa nyuma na alama yabaki kwenye picha. Nikipuliza maji kwa nyuma nikaianika inakaza, baadaye yalegea vile vile. Muuzaji kuambiwa, eti ndo zilivyo.

Sai nanunua amerikani Biashara Street, seremala anipigia fremu, nagonga pini mwenyewe. Nyingine siipaki jeso, ile rangi nyeupe ya kutangulizia kwenye kitambaa, nalowesha kitambaa namwaga rangi iliyozimuliwa, buluu yatambaa na nyuzi ikikutana na nyekundu pale mpakani pafanya zambarau ambayo kwa brashi siipati ng'o. Mchoraji wa Marekani Helen Frankenthaler alifanya hivi New York mwaka 1952, ila yeye kwa rangi ya mafuta, na mafuta hula kitambaa kisichopakwa kitu, akriliki haina shida hiyo.

Seti naipa tatu kwa tano. Kanvasi moja, na hiyo moja ni ya mbao, angalau haijapinda.