Darasa la kuchora watu Moshi: nendeni

Kama watu unaowachora wanatoka wakavu kama wamepigwa rula, nenda darasa la Jumamosi kule karibu na soko la Mbuyuni. Ada ni elfu kumi. Mwalimu haanzi na vivuli. Anamsimamisha mtu, mara nyingi fundi cherehani wa jirani, anakupa kipande cha mkaa na sekunde 30, na kufuta hakuna. Hapo mkono unaanza kusema. Bega lililobeba uzito linataka ukandamize, shingo inataka mguso mwepesi, na kiuno unaweza kukiacha wazi kabisa, jicho la mtazamaji litakimalizia lenyewe.

Alitufungulia michoro ya Egon Schiele, Mwaustria aliyefariki mwaka 1918 akiwa na miaka 28 tu. “Dada, angalia vidole,” akaniambia. Kweli, mstari unakatika na kupinda kwenye vifundo, na mwili wote unaonekana una wasiwasi hata kabla hujatazama uso! Nilipenda mno.

Karatasi zao ni laini, mkaa haushiki vizuri. Beba zako zenye mkwaruzo. Jumamosi ijayo tunachora mikono tu, nitakuwepo.