PS2, PS3, PS4 au PS5: chukua ipi kwa hela uliyonayo

Wakuu, kila wikiendi lazima mtu aniulize anunue PS (PlayStation, mashine ya gemu) ipi, na wengi wanaanzia kwenye bei wakati swali la kwanza ni TV yako chogo au flati, na unataka mpira wa mwaka gani.

Namba moja kwangu ni PS4 Slim, ile iliyotoka 2016. Haipigi kelele kama ile nene ya 2013, FC 26 (gemu la mpira, zamani liliitwa FIFA) inacheza, CD za mtumba zipo kibao na ukilichoka gemu unabadilishana na mwenzio. Ila ikague! Mi niliuziwa moja, dukani imewaka fresh kabisa, nafika home dakika ishirini mechi ndo imekolea inazima yenyewe, kuifungua feni imeziba vumbi kama pamba. Usiridhike kuona inawaka, weka CD upige mechi mbili hapohapo huku unasikiliza feni na mkono uko ubavuni unapima joto. Halafu shika pedi bila kugusa analogi ya kushoto (kile kijiti cha kutembeza mchezaji), mchezaji akitembea mwenyewe jua pedi imechoka. Washa na hotspoti uingie akaunti yako, maana mashine ikishafungiwa na Sony haiingii tena online.

Ya pili PS5, na hela ingekuwa ipo ningeiweka juu, gemu zinafunguka chap na za PS4 karibu zote inacheza kwa hiyo CD zako za zamani zinaendelea kula maisha. Lakini chukua yenye mlango wa CD, ile ya digital kila kitu unashusha na gemu moja linaweza kupita GB 100, bando hilo nani analipa?

PS3 kwa watoto bado tamu, tafuta Slim au Super Slim, zile nene za mwanzo zina ugonjwa wa taa ya njano, inawaka hiyo taa halafu mashine inazima. Mpira unaishia FIFA 19.

PS2 naiweka mwisho ingawa ndo iliyonilea, FIFA 14 ndo ya mwisho na memori kadi ni MB 8. Kwenye chogo, zile waya za njano nyekundu nyeupe, picha imetulia, kwenye flati inakuwa na ukungu. Ukipata iliyotoka Japani geuza kwanza usome kibandiko, ikiwa imeandikwa 100V ukaichomeka moja kwa moja ukutani kwenye 230 hapohapo imeungua.