Uzoefu wangu na washauri wa uongozi wa orkestra: tuba ni moja

Naandika haya hasira zikiwa bado juu, na sitaki zipoe kabla sijamaliza.

Napiga tuba, ala kubwa ya shaba ya kupuliza yenye sauti nzito, katika orkestra ya kulipwa, miaka mingi sasa, na kwa mihula miwili nimekuwa mwakilishi wa wanamuziki kwenye bodi. Bodi yetu iliajiri kampuni ya washauri elekezi waje waupitie mfumo mzima wa uongozi: nani anaamua nini, bodi iwe na wajumbe wangapi, mkurugenzi mtendaji awajibike kwa nani, mamlaka ya kondakta mkuu, yule anayeongoza upigaji jukwaani, yaishie wapi. Jina la kampuni silitaji. Nataka tu mwenzangu yeyote anayekaa kwenye bodi ya orkestra asome haya kabla hajaweka saini.

Siku za mwanzo nilifurahi, lazima niseme. Mshauri kiongozi alizungumza vizuri mno kuhusu fedha. Alitueleza hoja ya wachumi William Baumol na William Bowen ya mwaka 1966: kiwanda hubuni mashine na kupunguza watu, lakini simfonia ya Beethoven inahitaji wapigaji walewale na dakika zilezile kama zamani, kwa hiyo gharama za orkestra zitapanda tu hata kama hakuna mtu anayefuja. Nilimtazama mweka hazina wetu akitikisa kichwa kukubali, nikasema moyoni, hawa wanaijua kazi.

Kisha yakaja mahojiano. Hadidu za rejea zilisema wazi kwamba mahojiano na wanamuziki yatakuwa ya siri, na kifungu hicho nilishiriki kukiandika mwenyewe. Tulikaa kwenye chumba cha kuwekea stendi za noti, yeye na mimi tu. Akafunga daftari, akalaza kalamu juu yake, akaniambia, "Hapa sema lolote. Hakuna atakayejua ni wewe." Basi nikasema. Nilimwambia ratiba ya msimu hutufikia mezani ikiwa imeshabandikwa kwenye mabango. Nilimwambia mkurugenzi huwapigia simu wajumbe mmoja mmoja usiku wa kuamkia kikao, kwa hiyo asubuhi tunakuja kugonga muhuri. Ni kweli, na leo ukiniuliza nitarudia.

Wiki kadhaa baadaye taarifa ikawasilishwa ukumbini, orkestra nzima ipo, bodi ipo, kila mtu na nakala yake. Kufika karibu na katikati nikakuta kisanduku cha rangi ya bluu na nukuu ndani yake: "Tunakuja kugonga muhuri. Maamuzi yameshafanyika kwa simu usiku." Chini yake, kwa herufi za mlalo: mwanamuziki wa siku nyingi, tuba.

Tuba ni moja! Orkestra ina wapiga fidla zaidi ya ishirini. Ukiandika "mpiga fidla mmoja alisema" umemficha mtu kweli. Lakini tuba ni moja, kinubi mara nyingi ni kimoja, timpani ni mtu mmoja. Kwa sisi, ukishataja ala umeshataja jina, na mtu aliyepita karibu na jukwaa letu hata mara moja anajua hivyo. Mwenzangu wa tromboni ya besi, aliyeketi kushoto kwangu, aliweka kidole chini ya neno lile akaniangalia bila kusema kitu. Halafu vichwa vikaanza kugeuka, kuanzia viola, vikija nyuma kule tunakokaa watu wa shaba. Mkurugenzi hakugeuka. Alifunga taarifa, akailaza magotini, akakunja mikono juu yake.

Naomba mnielewe kwa nini hili limenichoma kuliko maudhi mengine yote. Sisi ni watu wa pazia. Orkestra nyingi huajiri mtu kwa kumsikiliza akiwa nyuma ya pazia, kwa namba tu, na pengine hutandikwa zulia hadi kwenye kiti ili mlio wa viatu usifichue kama ni mwanamume au mwanamke. Desturi hiyo ilienea Marekani kuanzia miaka ya 1970 na ilisaidia kufungua milango iliyokuwa imefungwa. Mimi mwenyewe niliipata nafasi yangu kwa namba. Ni watu gani wanaoielewa siri kuliko sisi? Ukituambia hakuna atakayejua, tunaamini, kwa sababu kazi yetu yote imejengwa juu ya ahadi hiyo.

Nilimfuata mshauri pembeni ya jukwaa, akikunja waya wa projekta. Nikamwambia kwa utulivu kadiri nilivyoweza: umenitaja. Hakuacha kukunja waya. "Mzee wangu, jina lako halimo humo." Nikamwambia tuba ni moja. Akasema, "Wengine wangefurahi kunukuliwa," akaingiza waya kwenye begi, akavuta zipu. Hakuna pole. Hata "nitaangalia" hakuna.

Na ndiyo yuleyule aliyetuonyesha kwa fahari utafiti wa Richard Hackman, Jutta Allmendinger na wenzao, waliochunguza orkestra 78 katika nchi nne. Bwana, ndani ya orkestra 78 mpiga tuba anapotea kabisa. Ndani ya moja haendi popote. Nashindwa kuelewa mtu anawezaje kuzisoma kazi za namna hiyo na lisimjie jambo dogo kama hilo.

Ningeandika usiku ule ningetoa nyota moja na kulala. Lakini siwezi kusema uongo kwa sababu nimekasirika. Walikuwemo vijana wawili wa mahesabu katika timu yao, wapole, wasio na maneno mengi, na ndio waliogundua kwamba fedha zilizotolewa na wafadhili kwa ajili ya kununua ala zilikuwa zikilipia mishahara ya miezi ya mapumziko. Haikuwa wizi. Ilikuwa mazoea: kopa huku, rudisha msimu ukianza, halafu msimu mmoja usirudishe. Nilikuwa nimeketi kwenye bodi ile miaka yote hiyo na sikuiona. Sasa fedha hizo ziko kwenye akaunti yake, na hazitoki bila saini mbili na idhini ya kikao chenye akidi. Pia fomu ya mgongano wa maslahi tunaijaza wote kila mwaka. Kwa hayo mawili peke yake, wale vijana wanastahili nyota tano.

Basi niweke tatu? Nilitaka kuweka tatu. Kisha nikarudia kusoma sura ya mwisho, inayopendekeza viti vya wanamuziki kwenye bodi vipungue kutoka vitatu hadi kimoja, na tena kisicho na kura, kwa maelezo kwamba wapigaji "wana upeo wa jukwaani." Upeo wa jukwaani! Orkestra ya Vienna Philharmonic imejiendesha yenyewe tangu 1842, na tangu 1933 haina kondakta mkuu wa kudumu. Wanamuziki wanachagua wa kumwalika. Berlin Philharmonic ilizaliwa 1882 baada ya wapigaji 54 kumkimbia kondakta wao Benjamin Bilse kwa jinsi alivyowatendea, na mpaka leo kondakta mkuu huchaguliwa kwa kura zao. London Symphony Orchestra waliianzisha wapigaji wenyewe mwaka 1904. Sisemi kila orkestra iige hao, maana kujiendesha kuna ugomvi wake na kunachosha. Lakini huwezi kuandika kwamba mpiga ala hana la kusema kwenye uongozi huku umetumia maneno ya mpiga ala kupamba kisanduku chako cha bluu.

Na kuaminiana kukivunjika, gharama yake naijua. Wanamuziki wa Minnesota Orchestra, Marekani, walifungiwa nje ya kazi na uongozi wao kuanzia Oktoba 2012 hadi Januari 2014, msimu mzima ukapotea na zaidi, na kondakta wao Osmo Vänskä alijiuzulu katikati ya mgogoro kabla ya kurudi baadaye. Hapo pia walikuwepo watu wenye majedwali mazuri.

Kwangu mimi, mkurugenzi hunisalimia bado, kwa heshima zote, ila salamu siku hizi inaishia mlangoni. Mambo yangu ya likizo yanajibiwa kwa barua. Hajanionea, siwezi kudai hivyo. Kuna ubaridi tu ambao haukuwepo, na umeletwa na mtu aliyekwisha panda ndege akaondoka na malipo yake.

Nyota mbili, basi. Moja ni ya wale vijana, na nyingine nimeiweka na kuitoa mara tatu nikiandika.

Wanarudi hivi karibuni kwa awamu ya pili, na karatasi ya kujiandikisha kwa mahojiano imebandikwa karibu na kabati za ala. Jana mpiga kinubi aliniuliza kama aandike jina lake. Anayo ya kusema, na ni ya maana. Nilimwambia aende, lakini kabla hajafungua mdomo wampe kwa maandishi, na saini chini, ni kwa maneno gani watamtaja kwenye taarifa. Akaniuliza, "Na wakikataa?" Nikamwambia asimame, aniite, tuingie wawili.