Filamu ya 110: ipi ununue, ipi uiache

Kamera bapa za mfukoni bado zinaibuka kwenye meza za mitumba pale Memorial, Moshi, na kwenye makabati ya mashangazi. Yangu ni ya shangazi. Kabla hujatuma hela kwa mtu, fungua mgongo wa kamera. Ikiwa inameza kaseti ndogo ya plastiki yenye vichwa viwili vya mviringo, ni 110, aina iliyotolewa na Kodak mwaka 1972. Ikiwa inakula kisahani, hiyo ni ya diski. Ipambie kabati tu, filamu mpya hakuna.

Fujifilm iliacha kutengeneza 110 mwaka 2009, kampuni ya Lomography wakaanza kuitoa upya 2012. Ndiyo maana namba moja kwangu ni Lomography Tiger: ya rangi, ISO 200 (kipimo cha filamu inavyonasa mwanga; namba ndogo hutaka mwanga mwingi), picha 24, na inasafishwa kwa dawa zilezile za filamu ya rangi ya kawaida, C-41. Ila kila picha kwenye mkanda ni milimita 13 kwa 17, kama ukucha wa kidole gumba. Usiote kuikuza ijae ukuta wa sebule.

Ya pili ni Orca, nyeusi na nyeupe, ISO 100. Inataka jua. Ukiingia nayo chini ya mabati ya soko la Kilombero, Arusha, utatoka na giza. Nampa mtu anayesafisha mwenyewe nyumbani, mradi gurudumu la tanki lake la kusafishia likubali mkanda wa milimita 16.

Ya tatu ni iliyokwisha muda. Hapa swali ni moja tu: ilikaa kwenye friji? Kwa kawaida filamu ya zamani huongezewa mwanga stopu moja (yaani mara mbili) kwa kila miaka kumi, lakini kamera hizi nyingi hazina pa kurekebisha, kwa hiyo hata ukijua hesabu huna la kufanya. Kaseti niliyoikuta ndani ya kamera ya shangazi niliimalizia pale Mnara wa Saa, Arusha. Zilitoka picha tatu, rangi ya chai ya rangi, na ya kwanza ilikuwa ya shangazi mwenyewe, kichwa kimebaki nje ya picha.

Kujaza upya kaseti tupu ni ya mwisho. Filamu ya 110 ina tundu moja kwa kila picha, na kamera nyingi hulipapasa hilo tundu ndipo zikubali kufyatua. Mkanda wa sinema wa milimita 16, ambao watu hujazia, una matundu kibao, kamera zinachanganyikiwa.

Ukimwagiza mtu anayeshukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, abebe filamu mkononi na aombe ikaguliwe kwa macho. Mashine za mabegi makubwa huiunguza.

Na uliza studio kwanza. Moja mjini ilipokea kaseti yangu kwa bashasha. Wiki mbili baadaye nikarudishiwa ilivyo, haijafunguliwa, na kijana wa kaunta akaniuliza betri inaingilia wapi.