Mafunzo ya uyoga mamama kule Mwera: nimekwenda, nimevuna, nimekula

Wenzangu mlokuwa mkiniuliza watsap kama yale mafunzo ya uyoga yana faida au ni kutupa pesa, jibu langu nendeni. Mie nilikwenda Jumamosi moja kabla ya mvua, elfu 30, na humo humo unapata chakula cha mchana na mifuko 3 ya kuondokea nayo.

Anayefundisha ni bi mkubwa mmoja mstaafu wa skuli, sote tukimwita Bi Mwalimu, anafundishia uani kwake chini ya mwembe. Kazi yenyewe si ngumu ila inataka usafi hasa. Mabua ya mpunga na majani makavu ya mgomba mnayakatakata vipande vya vidole viwili, yanalowekwa usiku kucha, asubuhi yanachemshwa kwenye pipa masaa 2, halafu yanamwagwa juu ya turubali safi yapoe yachuje maji. Hapo ndo unakosha mikono, unapaka spiriti, unajaza mfuko wa nailoni tabaka la mabua tabaka la mbegu. Mbegu zenyewe ni punje za mtama zilizovaa utando mweupe kama pamba, mie nilivyoziona nikadhani zimeoza, kumbe huo utando ndo uyoga wenyewe, tunachokula sisi ni tunda lake tu.

Lakini kilichonifanya nikae kitako niandike ni ile hadithi aliyotupa wakati tunasubiri pipa. Alituuliza mnamjua alotuachia kilimo hichi? Kimya. Akaanza kutuhadithia habari za Richard Falck, Mjerumani, kazaliwa 1873, umri wake wote kaumalizia kwenye kuvu na miti. Ujanani alifanya kazi chini ya Oscar Brefeld, mtaalamu alowaonesha watu namna ya kuotesha kuvu kutokana na kijimbegu kimoja tu, ikae peke yake kwenye chombo isichanganyike na vijidudu vyengine, na mzee huyo baadae akapofuka macho. Bi Mwalimu akanyanyua chupa ya mtama akasema mnaiona hii, bila ya kazi ile hii isingekuwepo.

Falck akaja kuwa profesa kwenye chuo cha misitu cha Hannoversch Münden, na jina lake lilivuma kwa kuchunguza kuvu inayokula mbao za majumba, ile ambayo jina lake la kitaalamu lina neno lacrymans, yaani yenye kutoa machozi, kwa sababu inatoka vitone vya maji. Hiyo ni ya nchi za baridi, lakini mtu wa Mji Mkongwe ambae dari limevuja mpaka boriti zikawa unga hahitaji kuelezwa uchungu wake. Sasa ikaja vita kuu ya kwanza, Ujerumani njaa, na 1917 Falck huyo huyo akatoa maelezo ya namna ya kuotesha uyoga mamama kwenye visiki na magogo ili watu wapate chakula. Hebu fikirini, mtu kakaa miaka anapigana na kuvu isile mbao za watu, halafu anachukua kuvu nyengine anailisha magogo kwa makusudi, watu washibe! Mie mwili ulinisisimka wallahi.

Hitler aliposhika nchi 1933, Falck alikuwa Myahudi, ana miaka 60, ikabidi aache chuo na aihame nchi yake. Kafia Atlanta, Marekani, 1955. Bibi mmoja alokuwa pembeni yangu akashusha pumzi akasema, "Maskini, mzee wa watu."

Baada ya kula Bi Mwalimu akafunua bakuli aliloliinamisha mezani tokea asubuhi, chini yake kulikuwa na uyoga mmoja juu ya karatasi nyeusi. Alipounyanyua tukaona vumbi jeupe limejipanga mistari mistari kama mbavu za mwavuli, jembamba ukipuliza tu linaondoka. Ndo vijimbegu vya uyoga wenyewe hivyo, na Falck aliandika tokea 1904 jinsi vinavyoanguka na kubebwa na hewa. Ndo maana akatukataza kuotesha chumba cha kulala na kuuacha uyoga upitilize, vumbi lile linawasumbua kifua hasa wenye pumu.

Kasoro zipo. Tuliambiwa saa 3 tukaanza saa 4 na nusu, na karatasi ya maelezo ni fotokopi iliyofifia, nusu husomi, bora uende na daftari. Mfuko wangu mmoja nao uliingia ukungu wa kijani pembeni wiki ya pili, nikaupiga picha nikamtumia Bi Mwalimu, akanijibu saa ile ile nisiufungue, niutoe mbali na ile mengine, na akanipa mwengine bila ya kulipa. Hapo ndo nilipomkubali zaidi.

Iliyobaki miwili iligeuka mieupe yote baada ya wiki 3 na kitu, nikaitoboa matundu, nikanyunyiza maji asubuhi mchana na jioni. Siku ya tano vikatoka vichwa vidogo kama vya njiti za kiberiti, siku tatu mbele vimekuwa viganja. Nilivuna kilo kasoro kidogo, nikaukaanga na kitunguu thomu na pilipili manga kisha nikatia tui zito, tukala na wali. Mama yangu tokea utotoni anaogopa uyoga kwa sababu ya ile ya mwituni yenye sumu, siku hiyo kaonja kijiko kimoja akasogeza sahani aongezwe.

Mkienda vaeni nguo ya kuchafuka na kateni kucha kabisa. Mfuko wa pili umeanza tena kutoa vichwa leo asubuhi, ntawatilia picha jioni.