TAHADHARI: Yule wa "kempu ya Mikumi" amerudi, sasa anauza Saadani

Ndugu zangu, kuna tangazo linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp wiki hii: "Krismasi Saadani, malazi ya siku mbili, hema, chakula na usafiri vimo." Msililipie. Ni mtu yule yule aliyewaliza watu sikukuu ya Nanenane kwa safari ya hifadhi ya Mikumi. Amebadili jina la kikundi, nembo na laini ya simu. Alichosahau kubadili ni lipa namba.

Jina simtaji, kwa sababu yote anayotumia ni ya bandia na la kweli ni kazi ya polisi kulisema. Namba zake zimeshafikishwa kunakohusika. Ninachotaka ni mjue anavyocheza, maana akizibwa yeye atatokea mwingine na mchezo ule ule.

Mdogo wangu ni mwalimu hapa Dar. Yeye na wenzake wa shuleni, wengine na watoto wao, walijiunga na safari ya Mikumi kwa shilingi 185,000 kwa mtu mzima: SGR hadi Morogoro, Coaster ya kuwapokea, ada za hifadhi, hema na chakula cha siku mbili. Watu wengi wakisikia habari ya utapeli husema "bei rahisi iliwaponza." Hapana. Nimekaa chini nikapiga hesabu: tiketi ya SGR ya daraja la kawaida Dar hadi Morogoro ni 13,000, kwenda na kurudi 26,000. Weka mafuta na kukodi Coaster, weka chakula, weka ada ya Mtanzania ambayo ni ndogo kuliko ya mgeni. Mratibu mwaminifu anaweza kuifanya safari ile kwa pesa ile na akabaki na cha kwake. Huyu jamaa anaijua biashara, na bei yake haikumshtua mtu yeyote, wala haikupaswa.

Alikusanya kwa awamu. Kianzio 50,000, halafu kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi mshahara ukitoka, na kila ukilipa unapata risiti yenye nembo na "Asante sana dada yangu, Mungu akubariki." Kwa walimu hilo lilikuwa kama mchezo wa kupeana, wamezoea. Wiki mbili kabla ya safari akatangaza kwamba ada za hifadhi zimepanda, kila mtu aongeze 20,000. Wakaongeza. Nani atakubali kupoteza 185,000 kwa sababu ya 20,000?

Kundi lenyewe la WhatsApp lilifungwa tangu siku ya kwanza: anaandika admini peke yake, wengine wanasoma tu. Sababu aliyotoa ni nzuri, eti watu wasijaze salamu na picha za maua matangazo yakapotea. Lakini matokeo yake ni kwamba watu zaidi ya thelathini waliolipa hawakuweza kuulizana hata swali moja. Walimu walikuwa wanafahamiana wao kwa wao. Waliobaki, kumbe wengine walikuwa na shaka zao tangu mwezi Juni na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Kwangu mimi hii ndiyo dalili kubwa kuliko zote, kubwa hata kuliko risiti. Mratibu asiyetaka wateja wake waongee, kaa naye mbali.

Siku ya safari, saa kumi na moja alfajiri, watu wako stesheni ya SGR na mabegi, mwalimu mmoja amemfunga mtoto mgongoni. Tiketi "anazo mratibu." Mratibu yuko njiani. Mratibu amepata pancha Tazara. Mratibu anabadilisha tairi, msiwe na wasiwasi, nimeshaongea na watu wa stesheni. Treni ya asubuhi ikaondoka. Baada ya hapo simu haipatikani, na kwenye kundi watu wakaanza kutolewa mmoja mmoja, unaona jina la mwenzako linaondoka, halafu la mwingine, halafu unagundua na wewe umeshatolewa.

Hapo kwenye tiketi pangewafungua macho mapema. Tiketi ya SGR inakatwa kwa jina na kitambulisho cha msafiri. Aliyekukatia kweli anaweza kukutumia yako siku hiyo hiyo ukaiona kwenye simu yako. Hakuna sababu ya mtu kukaa na tiketi za watu thelathini hadi alfajiri ya safari.

Kibali cha hifadhi nacho kina mambo yake. Jamaa mmoja wa kundi lile hakupanda treni, alikuwa anakwenda na gari lake na familia ili wakutane na wenzake Mikumi. Hakupata habari za stesheni kwa sababu alikuwa barabarani. Alipofika getini akaonyesha kibali alichotumiwa na mratibu, chenye nembo, orodha ya watu na mhuri. Askari wa getini akakisoma, akamuuliza kwa upole, "Mzee, wewe unakwenda Mikumi au Udzungwa?" Juu paliandikwa Mikumi. Chini, kwenye lango la kuingilia, paliandikwa Mang'ula. Mang'ula ni lango la Udzungwa, unakwenda kwa barabara ya Ifakara ukishaipita Kidatu, na Udzungwa ni hifadhi ya kutembea kwa miguu milimani, huendi na Coaster kutafuta simba. Tapeli alichukua kibali cha zamani cha mtu mwingine, akafuta alichokumbuka kufuta. Hata hesabu ilikuwa haikai: ada za hifadhi zina VAT, lakini kwenye karatasi yake mstari wa VAT haupo kabisa.

Yule jamaa aliandikiwa namba mpya ya malipo pale pale, akalipa kwa simu, akaingia na familia yake. Wakalala kempu ya umma, wana vyoo na sehemu ya kupikia, wakarudi na picha za tembo. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wameanza kuwatukana watu wa hifadhi. Hifadhi haikuhusika kabisa, na getini ndiko utapeli ulikogunduliwa.

Sasa kuhusu namba ya malipo, ile tunayoiita control number. Ada ya hifadhi ya taifa ni pesa ya serikali. Inalipwa kwa namba yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, kupitia menyu ya malipo ya serikali kwenye simu yako au benki. Haiendi kwenye lipa namba ya mtu, haiendi kwa wakala, haiendi kwenye laini ya "mhasibu wetu." Walimu walipokuwa wanalipa, jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la duka la vipodozi. Vipodozi! Alipoulizwa faragha akajibu kwamba duka ni la mkewe na ofisi bado inashughulikia usajili BRELA, kule kunakosajiliwa kampuni. Jibu tamu, na lilitosha kwa sababu aliyeuliza aliuliza peke yake, hakuwa na pa kulisemea.

Kwa hiyo mnaoandaa safari za ofisini, za kwaya, za vikoba: tenganisheni pesa. Ada ya hifadhi lipeni wenyewe kwa namba ya malipo, ama mapema ama getini mkifika. Tiketi za treni kateni wenyewe. Gari mlipeni mwenye gari mkiwa mmeliona. Mratibu abaki na pesa yake ya kuratibu na chakula. Mratibu wa kweli hatakasirika, tena utakuwa umempunguzia mzigo. Atakayekwambia "mfumo hauruhusu mteja kulipa moja kwa moja" anakudanganya mchana kweupe.

Leseni ya TALA, yaani ya biashara ya utalii, muombeni pia, ni haki yenu, lakini msiishie hapo. Aliyeweza kufuta jina la Udzungwa akaandika Mikumi hashindwi kufuta jina la kampuni ya watu kwenye leseni. Ukiwa na shaka, tafuta simu ya hifadhi husika kwenye tovuti ya TANAPA yenyewe, shirika la hifadhi za taifa, siyo ile iliyo kwenye tangazo, uliza kama kuna kikundi cha jina hilo kimefanya maombi.

Na picha ziangalieni kwa macho mawili. Tangazo lile la Mikumi lilikuwa na tembo wanatembea na nyuma yao mlima mkubwa wenye theluji. Mikumi iko mkoani Morogoro. Kilimanjaro unauona hivyo, tembo mbele na mlima nyuma, ukiwa Amboseli, Kenya. Watu zaidi ya thelathini waliitazama picha ile miezi kadhaa, wakiwemo walimu wa jiografia, na hili ninalisema kwa mapenzi.

Hili la Saadani lina kasoro yake. Linaahidi "kempu yetu wenyewe ufukweni, hakuna kundi lingine" na papo hapo linasema bei ni ndogo kwa sababu ni kempu ya umma. Haviendi pamoja. Kempu ya umma ni ya umma: anayelipa ada anaingia, mnagawana eneo, choo na jiko na wageni wengine. Mkitaka eneo lenu peke yenu kuna kempu maalumu, hiyo inaombwa mapema, ni ghali zaidi, na mara nyingi mnakwenda na kila kitu chenu kuanzia maji. Saadani ni hifadhi nzuri, ndiyo pekee nchini inayogusana na Bahari ya Hindi, kuna mto Wami una viboko na mamba, nendeni. Ila msiende na huyu.

Kuna na utapeli mdogo ambao watu huwa hawauiti utapeli. Barabara kuu ya Iringa inapita katikati ya Mikumi, unaona twiga na nyani na hata tembo ukiwa kwenye basi la Mbeya bila kulipa chochote. Basi kuna waratibu wanaochukua pesa ya "kuingia hifadhini," wanawapitisha watu barabara kuu taratibu, wanawalaza gesti mjini Mikumi, asubuhi wanarudi. Ukiulizwa umeona wanyama, umeona. Pesa ya kiingilio imeliwa. Mkiwa hamjasimama getini na kuandikishwa, hamjaingia hifadhini.

Linaloniuma zaidi ya pesa ni vitambulisho. Aliwaambia wote watume picha za kadi ya NIDA, mbele na nyuma, ili wapate ada ya Mtanzania. Kitambulisho kweli kinahitajika, lakini unakionyesha mwenyewe getini. Sasa ana kadi za watu zaidi ya thelathini, na dada mmoja kati yao ameshapigiwa simu na watu wa mkopo wa mtandaoni wakimdai pesa asizozijua. Kusajili laini mpya kunataka alama ya kidole, kwa hiyo hapo kidogo kuna kinga, lakini programu nyingi za mikopo hazina ustaarabu huo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za namna hiyo zisizo na leseni. Waliotuma kadi pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yenu, mkiona ngeni nendeni kwa mtoa huduma ikafungwe.

Aliyelipia Saadani jana au leo, usisubiri kumuuliza yeye. Piga 100 kwa mtandao wako sasa hivi, eleza ni utapeli, taja kumbukumbu ya muamala. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti yake wanaweza kuizuia, ikishatolewa kwa wakala habari imekwisha. Namba iliyokutapeli itume kwenda 15040. Halafu nenda polisi ufungue RB, yaani taarifa yako iandikwe kwenye kitabu chao, na uchukue namba yake. Usikubali kuambiwa "hilo ni deni mkamalizane": kughushi kibali na kujipatia pesa kwa udanganyifu kwa njia ya simu kumo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Na msifute mazungumzo kwa hasira. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kufuta, bahati mwenzake alikuwa na picha za skrini zote tangu kianzio.

Walimu wameshafungua RB. Wale wengine wa Nanenane ambao hatuwafahamu, mkifungua ya kwenu mtajeni kwa lipa namba ile yenye jina la duka la vipodozi, msitaje jina la kikundi. Majina ya vikundi ameshakuwa nayo mawili tunayoyajua, na mpelelezi ametuambia kinachounganisha mafaili ni namba hiyo.