eFootball: mchezo uliomsahau jirani wa benchi

Mtaani Majengo, Mombasa, mwendo wa dakika chache kutoka Mwembe Tayari, kuna chumba cha gemu nilichokijua tangu nikiwa mwanafunzi. Kina televisheni nne, mabenchi ya mbao yaliyolainika kwa kukaliwa, feni ya dari, na karatasi ukutani inayoeleza kwamba mechi moja ni shilingi 20 na anayefungwa ndiye anayelipa. Mshindi hubaki kwenye benchi. Aliyeshindwa hunyanyuka, humkabidhi pedi anayefuata kwenye foleni, kisha husimama nyuma kumwelekeza mshindi wake kama kwamba hakufungwa yeye. Wengi wetu tuliujua mpira wa Ulaya na wa Amerika Kusini katika vyumba vya namna hii, na tuliujua kupitia PES (Pro Evolution Soccer), mchezo wa kandanda wa kompyuta. Yeyote aliyeshika pedi mwaka 2006 anakumbuka jinsi Adriano wa Inter Milan alivyokuwa akipiga shuti kwa mguu wa kushoto hata kipa akabaki kutazama.

Nimeanza na benchi hilo kwa sababu ndilo kipimo ninachokitumia kuuhukumu mchezo wa eFootball, ambao kampuni ya Konami ya Japani ilitangaza Julai 2021 kuwa ungechukua nafasi ya PES. Wazo lenyewe lilikuwa zuri: mchezo ungepatikana bure, usingehitaji kununuliwa upya kila mwaka, na ungewakutanisha mtandaoni wachezaji wa mashine mbalimbali. Kwa kijana wa Kongowea au Likoni asiyeweza kutoa maelfu ya shilingi kila Septemba kwa ajili ya toleo jipya, neno «bure» lilikuwa na uzito mkubwa, na mimi mwenyewe nililipokea kwa furaha.

Ulitoka tarehe 30 Septemba 2021 ukiwa mbichi. Timu za kuchagua kwa mechi za kawaida zilikuwa tisa tu, zikiwemo Barcelona, Bayern, Juventus, Manchester United, Arsenal, Flamengo na River Plate. Nyuso za wachezaji mashuhuri zilionekana kama za vinyago, mikono ilijikunja pasipo mfupa, na picha hizo zikazunguka duniani kwa saa chache. Katika Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, ulishuka siku hiyo hiyo hadi kuwa miongoni mwa michezo iliyopewa alama mbaya kuliko yote. Siku iliyofuata Konami iliomba radhi hadharani, ikikiri kasoro za picha za katikati ya mchezo, za nyuso, za mwendo wa wachezaji na za mpira wenyewe. Marekebisho ya kwanza, yaliyoahidiwa tarehe 28 Oktoba, yalifika tarehe 5 Novemba. Toleo kamili lililotazamiwa Novemba hiyo likaahirishwa, waliolipia kifurushi chake mapema wakarudishiwa fedha, na toleo la 1.0 likaja tarehe 14 Aprili 2022.

Habari za nyuso zilizopinda zilivuma, lakini kwangu hazikuwa kiini. Nyuso hurekebishwa, na kwa hakika zilirekebishwa. Kasoro yenye mizizi ni kwamba mchezo ulijengwa kuzunguka akaunti, seva na kikosi cha ndoto ambacho mtu mmoja hukikusanya polepole peke yake, na ukamwacha nje jirani wa benchi. Wakati mchezo wa zamani ulikuwa na mamia ya timu ambazo watu wawili wangeweza kuzichagua papo hapo, mpya ulianza na hizo tisa. Ile ligi ya kuongoza klabu kwa misimu mingi, iliyowafanya watu wakeshe hadi adhana ya alfajiri, ilizungumzwa kama nyongeza ya kulipia baadaye, na miaka ikapita bila kuonekana. Mwenye chumba cha gemu hana kikosi cha ndoto. Ana wateja wawili waliokaa bega kwa bega, ambao hawana akaunti, hawataki kusubiri, na wanataka Brazili dhidi ya Ujerumani sasa hivi. Mzee mmoja anayeendesha chumba alimwambia kijana aliyetaka kuwekewa gemu mpya: «Mwanangu, hii haikai wawili.» Sijasikia uhakiki uliolenga shabaha zaidi ya huo.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza, na ndilo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, ni kuwepo kwa sehemu kamili ya watu wawili kwenye mashine moja, inayopakuliwa mara moja na kufanya kazi hata intaneti ikikatika, yenye timu zote za taifa na klabu zote ambazo leseni zinaruhusu, pamoja na mashindano ya mtoano ya watu wanne, wanane au kumi na sita. Mashindano hayo ndiyo yanayojaza chumba usiku wa Ijumaa na mwezi mzima wa Ramadhani baada ya tarawehe. Iwapo kampuni inahofia kwamba haitapata chochote kwa watu hao, basi iweke bei ndogo ya mara moja kwa sehemu hiyo. Naamini wenye vyumba wangelipa, kwa kuwa tayari wanalipa kodi, stima na pedi zinazovunjika kila mwezi.

La pili ni mtandao, na hapa ningeomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana malalamiko mengi ya vijana wetu kuhusu «legi», yaani mchezo kuchelewa kuitikia mtandaoni, huelekezwa pasipostahili. Mombasa si kisiwa kilichosahaulika katika intaneti. Nyaya za intaneti za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitua katika pwani yetu mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimekuja tangu hapo, kiasi kwamba sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki hupita chini ya miguu yetu. Hata hivyo waya haufuti umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo, seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000 za waya, amri ya kidole chako huchukua milisekunde 50 kufika na jibu huchukua 50 nyingine kurudi, kabla ya kuongeza ucheleweshaji wa vituo vya njiani, ruta ya nyumbani na mnara wa simu. Mchezo unaoonyesha fremu 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 17 hivi, maana yake ni kwamba mchezaji wa Nyali huona matokeo ya amri yake fremu sita au zaidi baada ya kuitoa. Katika mchezo wa karata hilo si kitu. Katika kandanda, ambapo beki ana nafasi ndogo mno ya kuchomoa mpira kabla hajatoa penalti, huo ndio mpaka kati ya ustadi na bahati nasibu.

Ninajua uchungu wake. Usiku mmoja nilikuwa fainali ya mashindano madogo tuliyoyaandaa mtandaoni, watu kumi na sita, kiingilio kidogo, na kampuni moja ya intaneti niliyokuwa nikiilipa kila mwezi ikanikatia dakika ya 83 nikiongoza mabao mawili kwa moja. Nilihesabiwa nimekimbia mechi. Aliyekuwa akicheza nami, kijana wa Bamburi, alikataa kombe na kusema turudie kesho; muungwana kabisa. Lakini mashine haikujua tofauti kati ya aliyezima kwa hasira na aliyekatiwa, na tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba mchezo wowote wa mtandaoni unaouzwa kwa watu wa ukanda huu unapaswa kuijua.

Yawezekana kiufundi. Kwanza, wapangwe pamoja wachezaji walio karibu kabla ya kuangalia ngazi zao: mtu wa Mombasa akutane na wa Dar es Salaam, Kampala au Nairobi, na asubiri dakika moja zaidi ikibidi, badala ya kurushwa kwa mpinzani wa bara jingine ndani ya sekunde tano. Pili, ucheleweshaji uandikwe kwa tarakimu za milisekunde kabla ya mechi kuanza, na mchezaji awe na haki ya kukataa bila adhabu. Tatu, mechi ikikatika, ihifadhiwe kwa dakika kadhaa ili aliyepotea arudi pale pale alipoachia, matokeo na muda vikiwa vilevile. Tena hakuna sababu ya seva zote kuwa Ulaya au Asia: Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na vituo vya data vipo hata hapa Mombasa. Mwaka 2024 ulitufundisha pia kwamba njia moja haitoshi. Nyaya za Bahari ya Shamu ziliharibika mapema mwaka huo, na mwezi Mei EASSy na SEACOM zikakatika upande wa Afrika Kusini, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikabaki kuburuta intaneti. Seva iliyo ndani ya ukanda wetu ingewaacha watu wa Mombasa na Kampala wakicheza hata siku kama hizo.

Sasa niseme juu ya sarafu, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Katika eFootball, kama katika michezo mingi ya bure, matoleo maalumu ya wachezaji nyota hupatikana kwa kutumia sarafu za mchezo katika droo: unatoa sarafu, mpira unazunguka, na hujui atatokea nani. Sarafu hizo hupatikana kwa kucheza, na pia hununuliwa kwa fedha halisi. Ubelgiji iliamua mwaka 2018, kupitia tume yake ya michezo ya kamari, kwamba masanduku ya bahati ya namna hii yanayolipiwa ni kamari. Sisi hatukuhitaji tume kutuambia. Katika mji ambao mtoto hufundishwa tangu madrasa kwamba kamari ni haramu, na ambao vijana wengi wameharibikiwa na kubashiri mechi, ni jambo zito kumwekea mtoto wa miaka kumi na mitatu gurudumu la bahati ndani ya simu ya mamake. Kuandika asilimia za uwezekano hakutoshi, maana mtoto haoni asilimia, anaona nyota. Dawa yake haina utata: kila mchezaji awe na bei yake inayojulikana, iwe ni kwa sarafu au kwa idadi ya mechi za kushinda, na anayemtaka amnunue huyo huyo. Ningelipa kwa moyo mweupe kwa utaratibu huo. Kwa droo silipi, wala sitamnunulia mpwa wangu.

Wako wanaosema mchezo uliozaliwa vibaya haufufuki, na wananukuu mchezo wa Concord wa Sony, iliyotoka Agosti 2024 na kuondolewa sokoni wiki mbili baadaye, walioinunua wakarudishiwa fedha. Mimi naiangalia zaidi Final Fantasy XIV, mchezo wa mtandaoni wa kampuni ya Square Enix. Ilitoka mwaka 2010 ikakataliwa. Square Enix ikambadilisha kiongozi wa kazi na kumweka Naoki Yoshida, ikaacha kuwatoza watu ada ya mwezi kwa muda mrefu wakati wa matengenezo, ikazima seva za mchezo wa zamani Novemba 2012, na kuurudisha Agosti 2013 ukiwa umejengwa upya. Ninachokisifu hapo ni kwamba hawakudai fedha kamili kwa nyumba isiyo na paa. eFootball ilirudisha fedha za kifurushi kile, na hilo nalihesabu kwa upande wake mzuri.

Kwa haki, mchezo wa sasa si ule wa Septemba 2021. Pasi zina uzito, makipa wamepata akili, na kwenye simu, ambako ulifika katikati ya mwaka 2022, umepata wachezaji wengi mno; ukipanda feri ya Likoni jioni utaona vijana wameinamia skrini wakipiga kona kabla abiria hawajashuka. Oktoba 2024 FIFA yenyewe iliingia ushirikiano na Konami kwa mashindano ya dunia ya mchezo huu. Uwanja upo, na mpira unachezeka.

Mwenye simu nzuri, bando la kutosha na subira ya kujenga kikosi chake bila kununua droo, namshauri aupakue, kwa kuwa hatapoteza kitu. Mwenye chumba cha gemu bado namwambia asiiondoe PES 2021 kwenye mashine zake. Pale Majengo televisheni tatu kati ya nne zingali zinaiendesha, na foleni iko mbele ya hizo tatu.